Dramu za Kompyuta kwa Asiyepiga Dramu: Jibu kwa Mwalimu wa Tukuyu

Swali lenyewe kwa ufupi ni hili. Mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Tukuyu hutunga nyimbo za kuabudu na hupiga gitaa. Hurekodi sebuleni kwake kwa kompyuta ndogo, maikrofoni moja na kinanda kidogo kinachounganishwa kwa waya, na hajawahi kushika vijiti vya dramu. Amepakua programu ya dramu ya bure, akachora mdundo kwa kipanya, lakini kila akisikiliza anaona wimbo unakwenda kama cherehani. Anauliza kama kosa ni la programu, kama anunue ya gharama, au kama aachane na jambo hili atafute mpigaji.

Mwalimu, nimeusikiliza wimbo wako mara nne, mara mbili kwa spika hapa studio Mwanjelwa, Mbeya, na mara mbili kwa simu, na nimeitazama kwa makini picha ya skrini uliyoiambatisha. Nianze na suala la fedha, kwa sababu najua mshahara una mipango yake: usinunue chochote kwa sasa. Programu uliyo nayo inatosha kabisa kwa wimbo huu. Kinachokosekana ni mpigaji, yaani mtu mwenye mikono miwili na miguu miwili, anayechoka, anayepumua, na anayemsikiliza mwimbaji ili ajue wakati wa kujizuia na wakati wa kuachia. Mtu huyo unaweza kumweka ndani ya programu wewe mwenyewe, bila kujua kupiga, lakini ni lazima kwanza umfahamu.

Uamuzi wako wa kutumia programu ulikuwa sahihi. Katika vyombo vyote vya bendi, dramu ndizo ngumu zaidi kurekodi nyumbani. Ngoma ya mguuni, ile wapigaji wetu wanayoiita kiki, huhitaji maikrofoni yake, snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, yake, matoazi huhitaji mbili za juu, na kila maikrofoni husikia vyombo vyote vingine pamoja na kila ubaya wa chumba. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati. Mvua ikianza katikati ya ubeti wa pili, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Programu haisikii mvua, na haimwamshi mtoto wa jirani.

Ni vizuri ujue kinachotokea unapobonyeza kitufe cha kinanda chako. Ndani ya programu kuna sauti za dramu halisi, zilizorekodiwa pigo moja moja na mpigaji halisi katika studio. Kinanda hakitumi sauti; hutuma ujumbe mfupi wa mfumo wa MIDI, ambao umetumika tangu mwaka 1983, na ujumbe huo husema mambo mawili makubwa: ni noti gani imepigwa, na imepigwa kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hupimwa kwa namba zisizozidi 127. Kwa mpangilio wa kawaida uliokubaliwa mwaka 1991, noti ya 36 ni kiki, 38 ni snea, 37 ni kijiti kinachogonga ukingo wa snea, 42 ni haihati (matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu) iliyofungwa, 46 ni haihati iliyofunguliwa, 49 ni krashi, toazi la kulipua, na 51 ni raidi, toazi la kupigia mdundo mfululizo. Ziandike namba hizi kwenye karatasi uzibandike ukutani, kisha uhakikishe kwa masikio, maana baadhi ya programu zina mpangilio wake.

Programu nzuri hubeba rekodi nyingi za chombo kimoja. Snea iliyopigwa taratibu haina tofauti ya sauti kubwa na ndogo tu na ile iliyopigwa kwa nguvu. Rangi yake pia ni nyingine, kwa kuwa ngozi hutetemeka kwa namna nyingine na nyaya za chini hulia kwa namna nyingine. Kwa hiyo programu huchagua rekodi kulingana na nguvu uliyotuma, na hata kwa nguvu ileile hubadilisha rekodi zinazofanana ili mapigo mawili yanayofuatana yasiwe nakala moja. Unapoweka mapigo yote kwenye nguvu moja, umeifungia programu mlango. Ghala lake lote lipo, lakini wewe umeomba gunia moja lilelile mara mia tatu. Ndivyo nilivyoona kwenye picha yako: haihati zote zimesimama kwenye 100, kuanzia kipimo (yaani kundi la mapigo linalojirudia) cha kwanza hadi cha mwisho.

Nikupe njia ya kutambua programu dhaifu, endapo siku moja utataka kubadilisha: sikiliza matoazi kwanza. Kiki na snea ni sauti fupi na ni rahisi kuzitunza. Toazi hulia kwa sekunde nyingi, na kulia huko hubadilika kila wakati. Roger Linn alipotoa mashine yake ya LM-1 huko Marekani mwaka 1980, mashine ya kwanza ya aina yake kutumia rekodi za dramu halisi, haikuwa na krashi wala raidi, kwa sababu kuhifadhi sauti ndefu namna hiyo kulihitaji kumbukumbu ya bei kubwa mno kwa wakati ule. Leo kumbukumbu ni rahisi, lakini hadi sasa toazi ndilo linaloonyesha haraka kama kazi imefanywa kwa uangalifu au la.

Sasa nije kwenye kiini. Miaka ya nyuma, nilipoanza kazi hii, nilimwalika mpiga dramu wa kanisa moja hapa Mbeya asikilize wimbo niliokuwa nimeutengeneza wiki nzima. Alisikiliza hadi mwisho wa ubeti wa kwanza, akaniomba nisimamishe, akachukua penseli mbili mezani. Akaanza kupiga mdundo uleule juu ya meza: penseli ya kulia kwenye kitabu, hiyo ndiyo haihati, ya kushoto kwenye ubao wa meza, hiyo ndiyo snea, kisigino sakafuni, hiyo ndiyo kiki. Alipofika mwisho wa ubeti, mkono wa kulia uliondoka kitabuni ukaenda kupiga upande wa pili wa meza pamoja na wa kushoto, na kwa muda huo kitabu kikanyamaza. Hakuniambia kitu. Aliurudia mwisho ule mara tatu, kila mara kitabu kikinyamaza mahali palepale, mpaka nikaelewa kwamba katika wimbo wangu haihati haikuwa imenyamaza hata mara moja, na kwamba hilo ndilo lililomfanya asimamishe.

Ukimya ule mdogo ndio sikio la msikilizaji linaoutafuta bila kujua. Tumekua tukiona ngoma zikipigwa kwa mikono, harusini, kanisani na uwanja wa shule, na miili yetu inajua kile mkono unachoweza na usichoweza. Kwenye picha yako, mwishoni mwa ubeti wa pili, katika mstari mmoja kuna krashi, haihati, snea na tomu (ngoma za kujazia), zote kwa pamoja. Mapigo hayo yanadai mikono minne. Futa haihati, kwa sababu mkono wa kulia umekwenda kwenye krashi. Futa tomu. Bakiza krashi, na chini yake uweke kiki, maana mpigaji karibu kila mara huitegemeza krashi kwa mguu. Ukiicheza tena utashangaa kwamba kwa kuondoa vitu viwili mlio umekuwa mkubwa zaidi.

Kanuni hiyo inatosha kukuongoza karibu kila mahali. Kabla ya kuweka pigo lolote, jiulize mkono gani unalipiga na sekunde iliyopita mkono huo ulikuwa wapi. Mikono yote miwili ikiwa kwenye tomu, haihati inaweza kulia kwa mguu tu, kwa sauti ile ndogo ya kufumba, ambayo ni noti ya 44. Katika mapigo ya haraka mikono hupokezana, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia pigo la kushoto aghalabu huwa dogo kidogo; kwa hiyo mapigo ya kujazia yenye nguvu za 110, 96, 108 na 94 yatasikika kama ya mtu kuliko manne yote ya 110.

Wimbo wako uko katika mapigo sita kwa kipimo, na kwa kuwa wewe unasoma sol-fa, hapa uko mbele kuliko watengenezaji wengi wa muziki ninaowafahamu. Kwa kasi uliyochagua, ambayo ni mapigo makubwa 60 kwa dakika, kila pigo kubwa huchukua sekunde moja na hugawanyika mara tatu, hivyo kati ya pigo dogo na jingine kuna takribani milisekunde 333. Hiyo ni nafasi kubwa sana, na kasoro yoyote ndani yake husikika. Weka kiki kwenye la kwanza, snea kwenye la nne, na haihati kwenye yote sita. Kisha zipe haihati nguvu hizi, zikifuatana: 92, 54, 68, 86, 50, 66. Zisikilize bila gitaa. Utasikia zinabembea, kwa sababu pigo la pili limejificha na la tatu linasukuma kuelekea lile linalofuata. Snea iwe kati ya 100 na 112, na isifanane mara mbili mfululizo. Kabla ya kiki ya kipimo kinachofuata, yaani kwenye pigo la sita, jaribu mara mojamoja kuongeza kiki ndogo ya 60. Namba hizi ni za kuanzia; sikio lako lina haki ya kuzibadilisha.

Kuhusu muda, watu wengi hufikiri uhai unatokana na kukosea kidogo, na programu nyingi zina kitufe cha kuyasogeza mapigo kwa kubahatisha. Mimi sikitumii. Mpigaji mzuri hakosei kwa kubahatisha. Akichelewesha snea, huichelewesha hivyohivyo wimbo mzima, na ndiyo tabia yake. Kwa wimbo wa taratibu kama huu, isogeze snea yote nyuma ya mstari wa kuhesabia ulioko kwenye skrini kwa milisekunde nane au kumi, kiki uiache juu ya mstari, na mdundo utakaa chini kwa utulivu. Anza na nguvu, muda ufuate. Katika kila kazi ninayoletewa kurekebisha, nguvu za mapigo huwa zimebeba sehemu kubwa ya tatizo.

Kuna njia nyepesi zaidi ya kuchora kwa kipanya, nayo ni kutumia vidole. Kwanza uimbe mdundo kwa mdomo ukitembea chumbani, kama unavyowafundisha watoto makofi, mpaka miguu yako iukubali. Kisha urekodi kwa mikupuo miwili: wa kwanza kiki na snea kwa vidole viwili, wa pili haihati peke yake. Ukimaliza, usiyanyooshe mapigo yote, yaani kuyavuta yakae juu ya mstari, kwa asilimia mia. Programu nyingi hukuruhusu kunyoosha kwa sehemu, na asilimia 60 au 70 huondoa kosa ikaacha mkono wako.

Ili vidole vifanye kazi, kompyuta isikucheleweshe. Ulisema sauti hutoka baada ya kubonyeza, na hilo hutokana na bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 huchelewesha kwa karibu milisekunde 23, bila kuhesabu ucheleweshaji mwingine wa mitambo. Kwa jinsi sauti inavyosafiri hewani, hiyo ni sawa na kupiga ngoma iliyoko mita nane kutoka ulipo, na hakuna mpigaji anayeweza kukaa kwenye mdundo namna hiyo. Punguza hadi 128, ambayo ni karibu milisekunde tatu. Kwa kompyuta ya Windows isiyo na kadi ya sauti ya nje, kiendeshi cha bure cha ASIO4ALL husaidia sana. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya sauti, irudishe bafa juu ili kompyuta isikwame.

Usione aibu pia kutumia midundo iliyokuja na programu. MT Power Drum Kit 2, ambayo ni ya bure, ina midundo ya tayari, na EZdrummer 3 ya kampuni ya Toontrack ya Sweden inaweza hata kusikiliza gitaa lako na kupendekeza mdundo unaolifaa. Midundo hiyo mingi imetungwa kwa muziki wa Ulaya na Marekani, lakini ya mapigo sita ya taratibu utaipata na itakufaa. Kwa pambio la kuchangamka au sebene, utahitaji kuutengeneza mwenyewe kwa kusikiliza wapigaji wetu. Chukua mdundo mmoja ulio karibu na wako, uuweke kwenye wimbo, halafu ufungue mapigo yake uone nguvu zilivyopangwa. Ni darasa la bure kutoka kwa mtu anayejua.

Nina ombi moja kuhusu mpangilio wa wimbo. Dramu zako zinaanza pamoja na sauti ya kwanza na haziachi hadi mwisho, nami naona zinayafunika maneno mazuri uliyoyaandika. Ubeti wa kwanza uache gitaa na sauti yako pekee. Ubeti wa pili uingize haihati iliyofungwa na kijiti kwenye ukingo wa snea, noti ya 37, badala ya snea kamili. Kiitikio kikifika, leta snea yenyewe na uhamishe mkono wa kulia kutoka haihati kwenda raidi. Kuhama huko kwa mkono mmoja ndiko kunakofungua wimbo, na msikilizaji ataona kwaya imesimama hata kama hakuna aliyeongeza sauti.

Kisha urudie kurekodi gitaa. Najua umelirekodi vizuri, lakini ulilipiga ukifuata mlio wa kuhesabia, na sasa una mdundo unaobembea. Mkono wako utajibu kwa namna nyingine. Mara zote mimi hutumia gitaa la kwanza kama mwongozo tu, hujenga dramu juu yake, halafu gitaa la kubaki hurekodiwa mwisho. Ukija kuongeza besi, iache itembee na kiki. Mahali ambapo hazikubaliani, badilisha kiki, kwa kuwa ni rahisi zaidi.

Jambo linalokusumbua bila wewe kulitaja ni kwamba dramu zako zinasikika zimo kwenye ukumbi mkubwa, na gitaa limo sebuleni. Dramu za programu zilirekodiwa katika studio pana, na programu ina mkondo wa maikrofoni za mbali zinazobeba mwangwi wa chumba kile. Ushushe mkondo huo hadi karibu nusu. Halafu chukua mwangwi mmoja mfupi, upitishe ndani yake gitaa, sauti na snea kwa kiasi kidogo, ili vyote vikae chini ya paa moja. Kuhusu kiki, wasikilizaji wako wengi watakusikia kwa spika ya simu, ambayo haitoi kabisa sauti nzito za chini. Usiongeze uzito ambao hawatausikia, bali ongeza kidogo kwenye eneo la hezi 3,000, pale panaposikika nyundo ya kiki ikigusa ngozi.

Zaidi ya hayo yote, rekodi kitu kimoja cha kweli juu ya dramu hizo. Kayamba litakufaa. Subiri asubuhi isiyo na mvua, usimame hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni, na ulipige wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukata na kunakili. Mkono wako utachoka kiitikio cha tatu na utachangamka kwenye cha mwisho, na uchovu na uchangamfu huo utaenea hadi kwenye dramu ambazo hazijui kuchoka. Makofi ya watoto watatu au wanne nayo hufanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu kununua: ukishatengeneza nyimbo tano au sita kwa njia hii, na sikio lako likawa linaomba rangi ambazo programu haina, hapo nunua, na ununue ndogo. Superior Drummer 3, programu kubwa ya dramu ya Toontrack, ina sauti zaidi ya gigabaiti 230, na kuipakua kwa bando la simu ni mzigo ambao wimbo wa gitaa na sauti moja hauuhitaji. Na mpigaji pia mtafute, kwa kazi tofauti na uliyofikiria. Mwombe kijana anayepiga dramu kanisani kwenu aje saa moja, umwekee wimbo, umwachie kinanda chako, na umwombe apige kwa vidole mapigo ya kujazia ya mwisho wa kila ubeti. Mapigo manne au matano yake yakiingia humo, yatakuwa na kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kukichora.

Mwisho wa kazi, toa kila chombo kama faili lake: kiki peke yake, snea peke yake, haihati peke yake, matoazi pamoja. Yatunze kwenye diski ya nje pamoja na faili la MIDI lenyewe, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi unaweza kuharibu mradi mzima, na faili hizo ndizo utakazonitumia utakapoutuma tena wimbo huu nisikilize.